Wosia wa Bolesław
Umeona ndugu wakigombania shamba kabla matanga hayajaanuliwa? Bolesław wa Tatu, mtawala wa Poland, aliliogopa jambo hilo, na alikuwa na sababu. Yeye mwenyewe alimpofusha kaka yake Zbigniew kwa ajili ya utawala, kisha akafunga na kuhiji hadi kaburi la Mtakatifu Adalbert kule Gniezno, akitubu.

Alipofariki mwaka 1138 aliacha wosia: wanawe wagawane majimbo, na mkubwa, Władysław, akae Kraków awe juu ya wenzake. Hata wakili wa leo angeusifu. Lakini Władysław alikuwa wa mama mwingine, wadogo walikuwa wa Salomea. Wewe unayesoma habari za Yusufu na kaka zake unajua hapo pana nini. Mkubwa akataka yote; mwaka 1146 wadogo wakamfukuza, akafia ugenini Ujerumani.

Ardhi iligawanywa vizuri. Chuki ya nyumba mbili haikupatiwa dawa. Wajukuu wakaendelea kukatakata majimbo, na ufalme haukusimama imara tena mpaka Władysław Łokietek alipotawazwa Kraków mwaka 1320. Hesabu mwenyewe: miaka 182 tangu mazishi ya baba.