Bosi Akisema "Neti Ziro", Muulize Moshi Umeenda Wapi

Wasee, siku hizi bosi wa kampuni kubwa akipewa maiki lazima ataje "neti ziro" ifikapo 2050. Safaricom waliahidi, na si wao pekee. Watu wanapiga makofi, chai inaletwa. Sasa hiyo kitu ni nini?

Neti ziro haimaanishi kampuni haitoi moshi. Inamaanisha hesabu inaisha sufuri: gesi chafu inayobaki inafidiwa kwa kuondoa kiasi hicho hicho hewani. Kuna njia mbili kubwa za kusongea hapo, na hazifanani hata kidogo. Ya kwanza ni kupunguza moshi wako mwenyewe, kama kutoa jenereta ya dizeli kwa mnara wa simu na kuweka sola. Ya pili ni kununua krediti za kaboni. Krediti moja ni tani moja ya hewa ya kaboni ambayo mtu mwingine, kwingine kabisa, amezuia au amenyonya, mara nyingi kwa kulinda msitu.

Chukulia jirani wa ploti anachoma taka kila jioni mpaka nguo zako kwa kamba zinanuka. Ukimuuliza anakushow utulie, amelipa msee wa shagz apande miti. Miti inaweza kuwa iko kweli. Lakini moshi bado unaingia kwa keja yako. Na kama huo msitu haungekatwa hata bila hizo pesa, basi jirani ameuziwa hewa tu.

Hii biashara ilipigiwa debe vikali Septemba 2023, mkutano wa tabianchi wa Afrika ulipofanyika KICC. (Rais Ruto alikuja akijiendeshea kagari kadogo ka umeme, mtandao ukachizi.) Hapo wawekezaji wa Emirati waliahidi kununua krediti za Afrika za dola milioni 450. Afrika yenyewe hutoa karibu asilimia 4 tu ya gesi chafu duniani, so sisi ndio wauzaji.

Na kuuza kunaweza kusaidia. Cheki Gazi, kule Kwale. Mradi wa Mikoko Pamoja unalinda hekta 117 za mikoko na umekuwa ukiuza krediti tangu 2013. Ganji imeletea kijiji maji na vitabu vya shule, na wenyeji ndio wanaamua itumike vipi. Ni mradi mdogo, kama tani 3,000 kwa mwaka, lakini ukienda unaona mikoko na unaona mfereji.

Shida ni pale mradi ni mkubwa na wenye ardhi wanaskia habari zake kwa redio. Ndio maana sheria ya tabianchi ilirekebishwa 2023: mradi wa ardhi lazima uwe na mkataba na jamii, na jamii ipate angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliopita. Lakini soma vizuri hapo. Ni asilimia 40 baada ya kutoa gharama za kuendesha biashara. Kwa hivyo mwenye mradi akija baraza la kwenu shagz na kalamu mkononi, kabla mzae hajaweka sahihi, ulizeni gharama ni ngapi na ni nani amezipigia hesabu.