Thamostati Haina Kosa

Swali ambalo wenye magari wa Garbatulla huwauliza mafundi kila kiangazi kinaposhika, yaani kila bona inapoingia kama Waborana wanavyoiita, ni kama thamostati ing'olewe ili gari liache kuchemka. Swali hilo lina kasoro kabla halijajibiwa, kwa maana linachukulia kwamba imekwisha kuthibitishwa kuwa kifaa hicho ndicho chanzo cha joto, na kilichobaki ni kupanga siku ya kukitoa. Jibu lake ni hapana. Ni hapana kwa Probox inayoleta abiria na magunia ya sukari kutoka Isiolo kupitia Kula Mawe, ni hapana kwa gari dogo la familia linaloletwa nyumbani wakati wa Idi pekee, na ni hapana kwa gari lolote ambalo aliyeliunda aliliwekea kifaa hicho. Lakini kwa kuwa hapana tupu haijawahi kumzuia fundi mwenye spana namba 10 mkononi, inafaa sababu zielezwe kwa kirefu.

Imani yenyewe husimuliwa hivi: magari haya yaliundwa Japani, Japani kuna theluji, thamostati iliwekwa ili injini isigande katika baridi hiyo, na kwa kuwa Garbatulla haina theluji wala haiitarajii, kifaa hicho huku ni kizuizi tu kinachoyabana maji yasipite. Hoja hii inasikika vizuri, ila haina kweli nyingine zaidi ya ile ya theluji. Toyota nyingi huuzwa zikiwa mpya Omani na Saudia, ambako joto la kiangazi huvuka nyuzi 45 za selsiasi, na zote hutoka kiwandani zikiwa na thamostati ndani. Kama joto la nchi lingekuwa sababu ya kuing'oa, basi watu wa Ghuba wangekuwa wa kwanza kuitupa jangwani, na mainjinia wa Japani, ambao hujaribu magari yao katika majangwa hayo kabla ya kuyauza huko, wangewapunguzia kazi kwa kutoiweka kabisa.

Thamostati ni vali ndogo inayoenea kiganjani, yenye kikopo cha shaba kilichojazwa nta. Nta ikipata joto huyeyuka, hutanuka na kusukuma kijiti kinachoifungua vali kwa kuishinda nguvu ya springi, na ikipoa husinyaa, springi ikairudisha vali mahali pake. Joto ambalo vali huanza kufunguka limepigwa chapa kwenye bati la kifaa chenyewe, na kwa Toyota nyingi ndogo ni nyuzi 82. Maji yakikaribia nyuzi 95 vali huwa imefunguka yote. Injini iliundwa ifanye kazi katika joto hilo, iwe iko Limuru au Modogashe, kwa sababu nafasi kati ya pistoni na silinda, wepesi wa oili na kiasi cha petroli kinachopulizwa vilipimwa kwa kufuata joto la ndani ya injini, wala si joto analolisikia dereva akishusha kioo.

Kutokana na maelezo hayo mafupi, msomaji makini amekwisha kuona pale hoja ya kung'oa inapovunjika. Mshale wa joto kwenye dashibodi unapopanda kuelekea alama nyekundu, maji yamekwisha kupita nyuzi 95, maana yake ni kwamba thamostati iliyo nzima iko wazi kadiri inavyoweza kuwa wazi. Kuiondoa wakati huo ni sawa na kung'oa mlango uliokwisha kufunguliwa kwa kisingizio kwamba wageni hawaingii. Iko hali moja tu ambayo thamostati yenyewe ndiyo mkosaji, nayo ni pale inapokwama ikiwa imefungwa, ama kwa kutu ama kwa nta kuvuja. Na dawa ya thamostati iliyokwama ni thamostati nyingine, kama vile dawa ya breki zilizokwisha ni breki mpya, wala hakuna mtu ambaye amewahi kupendekeza gari liendeshwe bila breki kwa kuwa za zamani zilikwisha.

Katika injini nyingi za Toyota kung'oa si kazi bure tu, bali huleta madhara. Maji yanayotoka kwenye injini yana njia mbili: moja inaingia kwenye rejeta, na nyingine ni ya mchepuko, inayoyarudisha kwenye pampu moja kwa moja ili injini iliyowashwa asubuhi ipate joto upesi. Chini ya vali kuu ya thamostati kuna kisahani cha pili ambacho kazi yake ni kuuziba mchepuko huo mara vali kuu inapofunguka, ili maji yote yalazimike kupita kwenye rejeta. Thamostati ikitolewa, kisahani hicho huondoka nayo, mchepuko ukabaki wazi saa zote, na sehemu ya maji moto ikawa inazunguka ndani ya injini kama mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi, bila kuonja upepo wa rejeta hata mara moja. Vitabu vya ukarabati vya Toyota huonya waziwazi kwamba kuondoa thamostati hupunguza uwezo wa kupoza, na kwamba isiondolewe hata pale injini inapoelekea kupata joto kupita kiasi. Kwa maneno mengine, tiba inayopendwa kuliko zote dhidi ya kuchemka imekatazwa kwa maandishi na aliyeliunda gari lenyewe, na sababu iliyotajwa ni kuchemka.

Ni haki kuongeza kwamba baadhi ya wanaoitetea thamostati nao huitetea kwa uongo, wakidai kuwa bila hiyo maji hupita kwenye rejeta kwa kasi mno hata yakakosa muda wa kupoa. Maji yanayopita kasi hutoka kila mzunguko yakiwa yamepoa kidogo, lakini mizunguko ni mingi, na jumla ya joto linaloachwa hewani huwa kubwa zaidi. Kosa la kung'oa liko kwenye mchepuko na katika joto la injini lisilotawaliwa, haliko kwenye kasi.

Hata hivyo, mashahidi wako kila mahali: thamostati ilitolewa, gari likapona. Ushahidi huo si wa uongo, ila umesomwa vibaya. Fundi hawezi kuifikia thamostati bila kumwaga maji ya zamani, ambayo aghalabu hutoka yakiwa na rangi ya udongo mwekundu kwa kutu. Kisha husafisha, hujaza maji mapya, huiacha injini ingurume huku mapovu ya hewa yakitoka, hukaza upya mpira wa maji uliokuwa ukivuja kimyakimya, na pengine hupuliza vumbi lililokuwa kwenye rejeta. Gari limefanyiwa matengenezo matano, sifa zikaenda kwa lile la sita lililoharibu. Kwenye barabara iliyonyooka, upepo ukipiga rejeta, mshale hushuka chini ya mahali pake pa kawaida, mwenye gari akafurahi, ilhali mshale ulioshuka hivyo ni dalili ya ugonjwa mwingine. Kompyuta ya injini hupokea habari kutoka kwa kihisi joto kwamba injini bado ni baridi, nayo huendelea kuongeza petroli kama inavyofanya alfajiri. Plagi huwa nyeusi kwa masizi, petroli isiyoungua huteleza kando ya pistoni hadi kwenye oili na kuifanya kuwa nyepesi, na katika magari ambayo kompyuta yake hukagua jambo hili, taa ya injini huwaka na hitilafu P0128 kuandikwa, ambayo maana yake ni kwamba maji hayafikii joto linalotakiwa. Kisha gari hilohilo lililopona hupitia Kinna na kuanza kupanda milima ya Nyambene kuelekea Maua, likiwa limejaa, gia ya kwanza, upepo hakuna, nalo huchemka palepale lilipokuwa likichemka zamani.

Kinachofuata kinajulikana. Feni huunganishwa moja kwa moja ili izunguke tangu ufunguo unapowashwa hadi unapozimwa, jambo linaloimaliza mota yake mapema na kumnyima dereva dalili ya kuwa swichi yake au rilei ilikuwa imekufa. Baadaye rejeta ikivuja, hutiwa yai bichi au pilipili manga, vitu ambavyo huziba tundu kweli, na huziba pia vijirija vyembamba vya rejeta ambavyo havikuwa na hatia yoyote. Mayai yana kazi njema zaidi.

Anayetaka kujua kama thamostati yake ni nzima hahitaji mashine wala safari ya Isiolo. Kifaa hufungwa kwa uzi ambao ncha yake imebanwa katikati ya vali, kikatumbukizwa katika sufuria ya maji ya kawaida jikoni bila kugusa chini, kikaning'inia kwa huo uzi. Maji yakianza kutoa mvuke na vipovu vidogo vikipanda kutoka chini ya sufuria, lakini kabla hayajatokota, vali hulegea, uzi ukachomoka, na thamostati ikaanguka chini kwa mlio mdogo wa bati. Iliyoanguka hivyo ni nzima. Ambayo maji yametokota na bado inaning'inia imekufa ikiwa imefungwa, na ambayo haikuweza kushika uzi tangu mwanzo imekwama ikiwa wazi. Jaribio zima halizidi muda wa kupika chai, na ni ajabu kwamba wengi hukubali kifaa king'olewe daima kabla hakijapewa nafasi hiyo moja ya kujitetea.

Chanzo cha kuchemka katika nyanda hizi mara nyingi kiko mbele ya macho. Kati ya kondensa ya kiyoyozi na rejeta kuna mwanya mwembamba ambamo vumbi, mbegu za nyasi na mabawa ya panzi hujipanga hadi vikawa kama blanketi, na mtu akitazama kupitia grili huona kondensa iliyo safi tu. Uchafu huo huoshwa kwa maji yasiyo na nguvu nyingi, kutoka upande wa injini kwenda mbele. Maji ya visima, ambayo mengi huku yana chumvi kiasi kwamba hata chai huyalalamikia, huacha magadi ndani ya rejeta, hivyo badala yake itumike kulanti halisi iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa, au maji safi ya mvua ikiwa hakuna mengine, na maji ya rangi ya kijani yanayouzwa kwenye chupa zisizo na maelezo yoyote si kulanti. Kifuniko cha rejeta kikaguliwe mpira na springi yake, kwani ndicho kinachoshikilia shinikizo linaloyazuia maji yasichemke hadi karibu na nyuzi 120, na kipya kiwe na namba ileile iliyoandikwa juu ya cha zamani. Feni ijaribiwe kwa kuwasha kiyoyozi gari likiwa limesimama. Mkanda ulegeapo ukazwe au ubadilishwe, na pampu ikitoa machozi chini ya shafti yake ibadilishwe. Mapovu yanayotoka mfululizo kwenye rejeta injini ikinguruma, mipira ya maji inayokuwa migumu dakika chache baada ya kuwasha, au oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa, ni habari ya gasketi ya hedi, yaani kizibo kati ya bloku na kichwa cha injini, na hapo gari lisiendeshwe tena hadi lifunguliwe.

Njiani, mshale ukipanda, kiyoyozi kizimwe, hita ifunguliwe hadi mwisho hata kama abiria watalalama, gari liegeshwe likiwa limeelekea upepo, na kifuniko kisiguswe kabla ya nusu saa, kwa kuwa maji yaliyo chini ya shinikizo hulipuka kuwa mvuke mara tu shinikizo linapoachiliwa, na uso wa anayeinama ndio unaoupokea. Maji ya kuongeza yatiwe polepole baada ya injini kupoa; kumwagia maji baridi injini inayotokota hupinda kichwa cha alumini au kukipasua.

Na kwa wale ambao thamostati yao ilikwisha kutupwa, mpya inunuliwe kwa kufuata namba ya chesisi badala ya kukadiria kwa macho, iwekwe pamoja na mpira wake mpya wa kuzibia, kile kipini kidogo kinachochezacheza ukingoni kikielekea juu ili hewa ipate kutoka, kisha injini ingurume bila kifuniko hadi feni iwake yenyewe na kuzima yenyewe mara mbili.