Programu ikiharibika, nani anaitengeneza?

Motari akifika kwa fundi na kusema tu « pikipiki inasumbua », fundi atamuuliza: inasumbua wakati gani? Ukipanda mlima ao ukisimama? Bila majibu, atafungua mashini nzima bure. Kwa programu za ordinatere ni vilevile.

Kuna programu ambazo maandishi yake ya ndani yako wazi: kila mtu anaweza kuyasoma na kuyarekebisha bila kulipa. Mfano ni Debian, mfumo wa ordinatere ulioanza mwaka 1993. Wanaoutunza ni watu wa kujitolea, wako inchi mbalimbali, na wengi hawajaonana hata siku moja. Sasa wanajuaje nani anatengeneza nini?

Kwanza, kila tatizo linapewa namba yake. Ripoti inatumwa kwa imeili, kwa hiyo hata mwenye intaneti dhaifu anaweza. Inapaswa kusema: ni toleo gani la programu, ulifanya nini hatua kwa hatua, ulitegemea nini, na nini kilitokea. Mtu wa mbali akifuata hatua hizo na kuona tatizo lile lile, kazi imeanza vizuri.

Kiisha tatizo linapangwa kwa uzito. Debian iko na ngazi 7, kuanzia tatizo linaloharibu mfumo mzima mpaka ombi la kuongezewa kitu kipya. Ngazi 3 za juu zinaweza kuzuia programu isiingie katika toleo linalofuata.

Mwenye kujua dawa anatuma kiraka: maandishi mafupi yanayoonyesha mistari gani inatoka na gani inaingia. Lakini hakiingii hivi hivi. Mtunzaji anakisoma, anakijaribu, ndipo anakikubali na kufunga namba.

Mtunzaji akizidiwa, hapo kuna hatari. Programu xz, ya kubana faili, ilikuwa mikononi mwa mtu mmoja wa kujitolea. Mwaka 2022 watu walimsukuma juu ya viraka vilivyochelewa. Mwingine aliyejiita Jia Tan, aliyekuwa anatuma viraka kwa bidii, akapewa madaraka. Mwaka 2024, mlango wa siri ukaingizwa ndani.

Nani aliuona? Mhandisi Andres Freund, alipokuwa anafanya majaribio kwenye Debian. Kuingia kwenye mashini kutoka mbali kulichelewa karibu nusu sekunde. Hakudharau. Alipima, akatafuta chanzo, na tarehe 29 Machi 2024 ripoti yake ikatangazwa. Mlango ulifungwa kabla haujafika katika toleo la Debian ambalo watu wengi wanatumia.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, usinyamaze sababu hujui kuandika programu. Tafuta kwanza kama tatizo lako halijaandikwa na mwingine. Tatizo moja, ripoti moja. Nyingi zinaandikwa kwa Kiingereza, lakini maneno machache yaliyo wazi yanatosha. Na uandike kwa heshima: anayekusoma pengine halipwi hata franka moja.