Wikendi Dar kununua vitu vya mtoto: Chumba si lazima, kona inatosha

Wenza wa Morogoro wanaotarajia mtoto siku hizi wana sababu nzuri ya kutoka wikendi. Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria kati ya mji huo na Dar es Salaam, Juni 14, 2024, safari ni chini ya saa mbili, na nauli ya treni ya kawaida ilianza na Sh13,000 kwa mtu mzima. Mnaondoka Jumamosi asubuhi, mnalala Dar, Jumapili mnarudi na mabegi. Ni kazi, lakini na matembezi yamo.

Kwa baba aliyeajiriwa, kuna sababu nyingine ya kuwahi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa angalau siku 3 tu za likizo mtoto akizaliwa. Ukianza kutafuta beseni na godoro mama akiwa wodini, siku hizo zote zitaishia Kariakoo.

Muda unaofaa zaidi kusafiri ni mwezi wa nne hadi wa sita wa ujauzito, kichefuchefu kimepungua na tumbo halijawa zito. Mama abebe kadi ya kliniki na maji, na ndani ya treni asimame atembee kidogo. Mkifika, chukueni bajaji. Bodaboda subirini kwanza.

Najua kuna mashangazi wasiopenda kitu cha mtoto kiingie ndani kabla hajazaliwa. Hilo halina ugomvi: mzigo unaachwa kwa wifi hadi siku yenyewe.

Hiyo picha ya Instagram

Umeiona: chumba kizima kimepakwa rangi ya maziwa, kitanda katikati, mito, midoli, pazia linaloning'inia. Inapendeza, na wengi wanaingia Kariakoo wakiwa na picha hiyo kwenye simu.

Shida ni kwamba mtoto mchanga hatakiwi kulala peke yake kwenye chumba hicho. Chama cha Madaktari wa Watoto wa Marekani (AAP) kinashauri alale chumba kimoja na wazazi, ila kwenye sehemu yake mwenyewe, kwa angalau miezi 6 ya kwanza. Njia hiyo hupunguza hatari ya kifo cha ghafla usingizini. Kwa hiyo wewe unayeishi chumba na sebule hujapungukiwa kitu. Kona moja karibu na kitanda chenu ndiyo chumba cha mtoto.

Ndani ya kona hiyo, godoro liwe gumu na tambarare, na shuka libane vizuri. Basi. Hakuna mto, hakuna blanketi zito, hakuna mdoli. Alazwe chali. Ile mito mirefu inayofungwa kuzunguka kitanda, ambayo kwa kweli ndiyo inayoipendezesha picha, Marekani iliipiga marufuku kwa sheria mwaka 2022 kwa sababu inaweza kumziba mtoto pumzi. Ukiuziwa seti nzima, uliza bei ya godoro na shuka peke yake.

Kitanda chenyewe kinahitaji macho zaidi. Keko kuna mafundi wengi wa fanicha, na vile vya mtumba kutoka nje navyo vinapatikana mjini. Beba tepu. Nafasi kati ya fito na fito isizidi sentimita 6, maana ikiwa pana mwili wa mtoto unaweza kupenya na kichwa kikabaki kimenasa. Godoro lijae kitandani. Vidole viwili vikiingia pembeni kirahisi na bado kuna nafasi, halifai. Kitikise. Kama ni mtumba wenye ubavu unaoshuka na kupanda, achana nacho hata kama bei ni ya kutupa. Marekani ilizuia kuuzwa kwa aina hiyo mwaka 2011 baada ya watoto kufa ubavu ulipochomoka.

Neti ni lazima, Dar, Moro na kwingineko kwenye malaria. Zile za mwamvuli za Kariakoo ni nzuri kwa kubeba, lakini kabla hujalipa, ulizia kliniki: vyandarua vyenye dawa hutolewa bure kwa wajawazito.

Nguo: mtumba hauna aibu

Nguo za saizi ya mwanzo mtoto anazivaa wiki chache tu, hivyo kujaza begi zima ni kutupa hela. Chache mpya za kutokea, nyingine Karume kwenye mitumba. Kagua vifungo vilivyolegea na kamba za shingoni, kisha fua na upige pasi. Ile tabia ya bibi ya kupiga pasi hadi nepi ina maana yake: kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo zilizoanikwa nje, na funza wake huingia kwenye ngozi. Joto la pasi huyaua.

Khanga na vitenge usivibanie, vitatumika kuanzia wodini hadi mgongoni. Pampers za saizi ndogo kabisa usinunue katoni. Chupa za maziwa na vifaa vyake vinaweza kusubiri, kwani ushauri wa WHO ni maziwa ya mama pekee kwa miezi 6. Mashine ya kupashia chupa moto? Hapana.

Hela inayobaki isirudi dukani. Iwekwe kwenye simu, isiguswe, kwa ajili ya gari la saa nane usiku uchungu ukianza au rufaa ya ghafla.

Jumamosi ndiyo siku ya Kariakoo, kwa sababu Jumapili si maduka yote yanafunguliwa. Jumapili nendeni Keko, lakini kwa mtu wa Moro ningesema nendeni kuangalia tu. Piga picha kitanda kilichokupendeza, chukua vipimo, kisha kichongeshe kwa fundi wa nyumbani. Kikilegea, unajua pa kumpata.