Ini, Figo na Muhogo Mchungu: Jinsi Mwili Unavyojitoa Sumu

Leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo linaloihusu kila nyumba yenye chungu jikoni, nalo ni namna mwili wa mwanadamu unavyojitoa sumu, na namna chakula chetu kiwezavyo kuusaidia katika kazi hiyo au kuulemea.

Watu wengi wakisikia habari ya kuondoa sumu mwilini hufikiri mara moja kunywa haluli, au mafuta ya mbarika, au mizizi iliyochemshwa, ili wahare mpaka tumbo liwe tupu. Mtu akiisha kuhara hujiona mwepesi, akasema, "Sasa damu yangu ni safi." Lakini sivyo. Dawa ya kuharisha hufagia utumbo tu; haiisafishi damu. Inachokitoa ni chakula, pamoja na maji na chumvi ambazo mwili ulikuwa ukizihitaji. Mtu mzima mwenye nguvu huenda akastahimili, lakini mtoto mdogo au mgonjwa aliyedhoofika aweza kufa kwa kukaukiwa maji.

Basi ni nani aisafishaye damu? Mwenyezi Mungu ameutia mwili wafanyakazi wake. Wa kwanza ni ini, likaalo upande wa kuume chini ya mbavu. Ini la mtu mzima lina uzito wa kilo 1.5 hivi. Damu itokayo katika tumbo na utumbo haiendi moja kwa moja kwenye moyo. Hupita kwanza katika ini, kama vile shehena ishukayo jahazini isivyoruhusiwa kuingia mjini kabla ya kupita forodhani. Huko ini huchagua. Kilicho chema hulipeleka mbele au hukiweka akiba. Kilicho kibaya hukivunja au hukigeuza kiwe kitu chepesi kutolewa.

Wafanyakazi wengine ni figo mbili, kila moja kadiri ya ngumi ya mtu. Figo huchuja damu kama kifumbu kichujavyo tui. Kwa siku moja huchuja maji ya damu kiasi cha lita 180, yaani kama madebe 9. Karibu yote hurudishwa katika damu, na ni lita 1 au 2 tu zitokazo kuwa mkojo, zikichukua takataka pamoja nazo. Mapafu nayo hutoa hewa chafu, na utumbo hutoa makapi.

Kazi hii huendelea mchana na usiku, wala haingoji dawa ya kuiamsha. Lakini fundi hodari hawezi kujenga bila vifaa, na makarani wa forodhani hulemewa majahazi 100 yakitia nanga siku moja. Kwa hiyo yatupasa mambo mawili tu: kuwapa wafanyakazi hawa vifaa vyao, na kutowatwika mzigo upitao nguvu zao. Ili mambo haya yaeleweke vizuri, na tutazame chakula kimoja tunachokijua sote, yaani muhogo.

Mkulima ajua kwamba iko mihogo mitamu na iko mihogo michungu. Mchungu hupendwa na wengi kwa kuwa nguruwe na nyani hawauharibu sana, na hata mwizi hauchimbi ovyo, maana hauliwi mbichi. Uchungu huo ni dalili ya hatari iliyomo. Ndani ya muhogo mna kitu kiitwacho linamarini, na mbali nacho kidogo, kama katika chumba cha pili, mna kimeng'enya chenye uwezo wa kukivunja. Muhogo ukiwa mzima ardhini, viwili hivi havikutani. Lakini ukikwaruzwa, au ukitwangwa, au ukilowekwa hata ukalainika, kuta za vyumba huvunjika, vikakutana, na hapo hutokea sumu kali iitwayo sianidi. Sumu hiyo ni nyepesi mno; ikiachwa mahali penye hewa huruka kama mvuke na kwenda zake.

Hapo twaona hekima ya bibi zetu. Walipomenya muhogo, wakauloweka siku tatu au nne mpaka ukalainika, kisha wakauanika na kuutwanga, walikuwa wakiifukuza sumu kabla haijafika mdomoni. Hawakulijua jina la sianidi, lakini njia ya kuitoa waliijua.

Hata hivyo, sumu kidogo hubaki katika unga, nayo huingia mwilini. Je, mwili huifanyaje? Huichukua sianidi, ukaiunganisha na kitu kiitwacho salfa, ikawa chumvi nyingine iitwayo thiosianati, ambayo haina ukali kama ule wa kwanza. Kisha figo huitoa chumvi hiyo katika mkojo. Kazi hiyo ya kuunganisha hufanyika katika viungo vingi, na zaidi katika ini.

Lakini salfa hiyo hutoka wapi? Hutoka katika vyakula vya kujenga mwili, ambavyo wataalamu huviita protini: samaki, dagaa, mayai, maziwa, nyama, na kwa kiasi chake maharage, kunde, karanga na ufuta. Muhogo wenyewe una protini haba mno. Katika sehemu 100 za unga wake mkavu, protini haifiki hata sehemu 3. Maana yake ni kwamba muhogo huleta sumu, lakini hauleti kifaa cha kuitoa. Kifaa hicho sharti kitoke katika kitoweo.

Mwanafunzi mmoja alituuliza darasani, "Mwalimu, na yule asiyekuwa na kitoweo, je?" Swali lake ndilo kiini cha mazungumzo yetu, na jibu lake ni la huzuni.

Mwaka 1938 daktari mmoja aitwaye Trolli aliandika habari za ugonjwa ulioonekana katika nchi ya Kwango, kusini-magharibi ya Congo. Wayaka wa huko waliuita konzo, maana yake miguu iliyofungwa. Mtu hulala mzima, akaamka miguu yake miwili imekakamaa, hawezi kutembea sawasawa, na wengine hawawezi kutembea kabisa. Mwaka 1981 ugonjwa huo uliwapata watu zaidi ya 1,000 katika jimbo la Nampula, huko Msumbiji, wengi wao wakiwa watoto na wanawake. Katika miaka hiyo ya 1980 ulionekana pia katika wilaya ya Tarime, Tanzania. Konzo haiambukizi, wala si uchawi. Lakini maji yakimwagika hayazoleki: miguu iliyokwisha kukakamaa hairudi kuwa kama zamani, ingawa mazoezi na fimbo humsaidia mgonjwa kwenda.

Kwa nini huwapata watu wengi kwa mkupuo mmoja? Fikirini mwaka wa ukame. Mahindi na mtama hukauka, ukabaki muhogo peke yake, kwa kuwa huvumilia jua. Lakini muhogo wenyewe ukikosa mvua huzidi kuwa na sumu. Njaa nayo huwasukuma watu. Badala ya kuuloweka siku nne huuloweka siku moja, au huuanika tu na kuutwanga. Hapo ndipo twaona kwa macho kwamba haraka haraka haina baraka. Tena katika msimu huo maharage yamekwisha, kuku wameuzwa, maziwa yamekauka. Basi mlango wa sumu umefunguliwa wazi, na ule wa kuitolea umefungwa kwa kukosa salfa. Ugali wa siku moja huenda usionyeshe neno, lakini ugali mtupu wa majuma mengi hujumlika, kwani haba na haba hujaza kibaba.

Sasa na tutaje njia za kujilinda, maana habari ya ugonjwa isiyo na habari ya kinga haina faida.

Kwanza, tuutengeneze muhogo mchungu kwa ukamilifu. Umenywe, ukatwe, ulowekwe siku tatu au zaidi mpaka ulainike, kisha uanikwe juani ukauke vema. Kuuanika bila ya kuuloweka hakutoshi, wala kuuchemsha tu hakutoshi, kwa sababu moto hukiua kile kimeng'enya kabla hakijamaliza kazi yake. Kisamvu nacho kitwangwe kwanza, ndipo kichemshwe.

Pili, iko njia rahisi ya kuusafisha unga uliokwisha kusagwa, iliyobuniwa na Howard Bradbury wa Australia pamoja na wenzake. Tia unga katika beseni, uusawazishe, na weka alama mahali ulipofika. Mimina maji kidogo kidogo huku ukikoroga. Kwanza unga utashuka; endelea kutia maji mpaka upande tena hata ile alama. Kisha utandaze juu ya mkeka safi, unene wake usizidi sentimeta 1, uuache juani saa 2, au kivulini saa 5. Fanya kazi hii nje, penye hewa. Baada ya hapo songa ugali siku ile ile, maana unga mbichi haukai. Kwa njia hii sumu iliyosalia hupungua ikawa theluthi moja, na pengine hata sudusi. Katika kijiji cha Kay Kalenda, huko Congo, akina mama walifundishwa njia hii mwaka 2010, na katika muda wa mafundisho hayo hakuonekana mgonjwa mpya wa konzo. Haikuhitaji mashine wala fedha. Ilihitaji beseni, maji, mkeka na subira.

Tatu, ugali wa muhogo usiliwe mtupu. Konzi ya dagaa, bakuli la kunde au maharage, yai moja kwa mtoto, karanga zilizotwangwa katika mboga, hivyo ndivyo vifaa vya mwili vya kutolea sumu. Na ikiwa kitoweo ni kidogo, wapewe kwanza watoto na mama. Desturi ya kumpa baba minofu na watoto mchuzi yafaa ifikiriwe tena, maana ni watoto na mama waliopatwa zaidi na konzo. Unga wa muhogo ukichanganywa na wa mahindi au wa mtama, mzigo hupungua tena.

Nne, tutumie chumvi yenye madini joto. Ile thiosianati tuliyoitaja, ingawa si kali, huizuia tezi ya shingo isipate madini hayo, na mahali yalipo haba watu huota rovu.

Mtu akila muhogo, kisha katika saa chache akashikwa na kizunguzungu, kichwa kikamwuma, akatapika na kupumua kwa shida, asipewe haluli. Apelekwe hospitali upesi, na walioandamana naye waseme wazi alichokula.

Kanuni tuliyoiona katika muhogo yafaa pia kwa sumu nyingine. Mahindi na karanga zilizovunda huota kuvu lenye sumu iitwayo sumukuvu, nayo hulishambulia ini lenyewe. Mwaka 2004 nchini Kenya watu 317 waliugua kwa mahindi ya namna hiyo, wakafa 125. Sumu hii haiishi kwa kupikwa. Basi tukaushe nafaka vizuri, tuziweke juu ya vichanja mahali pasipo unyevu, na zilizoota kuvu tuzitupe mbali, wala tusizisage wala kuwapa kuku.

Kadhalika pombe: ini huivunja, lakini kwa kipimo. Anywaye sana kila siku huliharibu, likawa gumu lenye makovu. Na gongo laweza kuwa na methanoli, ambayo ini likiigeuza huifanya kuwa sumu mbaya zaidi, ikapofusha macho na kuua. Moshi wa tumbaku nao una sianidi, ile ile ya muhogo. Hata dawa za hospitali na za mitishamba hupita forodhani kwa ini. Tusizidishe kipimo kwa kutaka kupona haraka. Tena tunywe maji safi ya kutosha, hasa wakati wa kulima juani, maana figo hazichuji vema mwili ukikauka.

Ndugu wasikilizaji, twarudi tulikoanzia. Mwili hauhitaji kusuguliwa ndani kama sufuria. Umepewa ini na figo, nazo zaijua kazi yao. Lililo letu ni kuipunguza sumu kabla haijafika mdomoni, na kutia sahanini kile kitakachoitoa iliyobaki. Mwalimu aweza kulifundisha darasani, na mwanafunzi akalipeleka nyumbani. Lakini mwenye kulitimiza ni yule aketiye karibu na mtungi wa kulowekea muhogo, akaambiwa na jirani, "Utoe leo, shoga, watoto wana njaa," naye akajibu, "La, bado siku moja." Siku hiyo moja yaweza kuiokoa miguu ya mtoto.