Protini Zigandazo kwa Baridi

Mkazi wa Iringa aachaye chupa ya mafuta ya nazi dirishani mwezi wa Julai huyakuta asubuhi yameganda, meupe. Jua likipanda, huyeyuka. Katika damu ya baadhi ya watu wenye homa ya ini ya muda mrefu, iletwayo na virusi vya aina ya C, mna protini zenye tabia kama hiyo. Huitwa krioglobulini.

Mwaka 1966 Meltzer na Franklin, nchini Marekani, walieleza habari za wagonjwa wenye protini hizo pamoja na dalili tatu: madoa ya damu chini ya ngozi ya miguu, maumivu ya viungo, na unyonge. Chanzo hakikujulikana. Virusi vya C vilipotambuliwa mwaka 1989, ndipo ikadhihirika kwamba wengi wa wagonjwa wa namna hiyo walikuwa navyo.

Virusi hivyo hukaa mwilini miaka mingi, vikizichokoza bila kikomo chembe nyeupe zitengenezazo kingamwili. Hatimaye baadhi ya chembe hizo hutoa kingamwili potofu, ambazo hukamata kingamwili nyingine za mwili ule ule. Mafungu yake hunasa katika kuta za mishipa midogo ya damu na kuzitia uvimbe. (Msomaji asidhani kwamba damu yote huganda mwilini kama mafuta yale, madhara makubwa hutokana na uvimbe huo.) Ngozi hutoka madoa, miguu hufa ganzi, figo huvujisha protini na damu katika mkojo. Mgonjwa hutibiwa ngozi au figo, na ini halikumbukwi.

Kipimo chake ni chepesi, lakini chaweza kudanganya. Damu hudumishwa katika joto la nyuzi 37 mpaka seramu itengwe na donge. Kisha seramu huwekwa katika nyuzi 4 kwa siku kadhaa, ikingojewa igande. Nilipokuwa mwanafunzi ng'ambo nilivuka ua wenye theluji, kichupa cha damu mkononi. Protini zikazama pamoja na donge, nami nikaandika "hamna". Damu ya pili, iliyoletwa ndani ya maji ya uvuguvugu, ilinisuta.

Siku hizi dawa za kumeza, kwa majuma 8 hadi 12, huondoa virusi vya C kwa wagonjwa zaidi ya 90 katika kila 100. Madoa ya ngozi aghalabu hutoweka upesi. Figo na neva hukawia, na kwa wengine krioglobulini huendelea kuonekana hata virusi vikiisha.