Kamongo, fundi wa kufunga nyumba

Mzee mwenye kibanda cha uvuvi kando ya mto huko Kanada haondoki hivi hivi msimu wake unapokwisha. Kabla barafu haijashika, hukata maji na kuyamwaga yote yaliyobaki kwenye mabomba, kwa sababu yakiganda humo ndani, bomba hupasuka. Hutoa kila chembe ya chakula ili panya wasihamie. Huacha upenyo wa hewa, kuta zisije zikaota ukungu. Ndipo hufunga mlango, na kibanda hukaa peke yake na baridi kwa miezi kadhaa.

Mvuvi wa Hombo, mashariki mwa Kongo, hana kazi hiyo. Pale ambapo barabara ya kutoka Bukavu kwenda Kisangani huvuka mto na kuingia Walikale, msitu hunyeshewa karibu mwaka mzima. Mwezi wa sita na wa saba mvua hupungua, maji yakashuka na mawe yakaonekana, lakini mto haukatiki. Mtego uliotegwa leo hutegwa na kesho.

Ukivuka milima ya Masisi na kushuka upande wa Rutshuru, mambo hubadilika. Mvua ya Walikale huteremkia Lualaba na kuishia Atlantiki. Ya Rutshuru huingia Ziwa Edward, ikashika Semliki, ikaenda zake na Nile. Jimbo moja, Kivu Kaskazini, bahari mbili. Na humo katika maji ya Nile, kwenye mafunjo ya Ziwa Edward, ndimo anamoishi kiumbe ambaye ujuzi wake wa kufunga nyumba unamshinda yule mzee wa Kanada kwa mbali. Wavuvi wa Vitshumbi na Kyavinyonge humvua pamoja na ngege na kambare. Wakenya na Watanzania wa Ziwa Victoria humwita kamongo, Waganda mmamba, na vitabu vya sayansi Protopterus aethiopicus.

Kwamba ana mapafu, kila aliyemwona sokoni akihema ndani ya beseni anajua. Linalosahaulika ni kwamba mapafu hayo si akiba ya siku ya dhiki. Matamvua yake ni madogo mno kumtosha. Kamongo mzima akizuiwa kupanda juu kuvuta hewa, hufa maji kama mtu.

Afrika ina aina nne za kamongo. Bonde la Kongo lina wake, Protopterus dolloi, na pwani yetu ya mashariki ina mdogo wao, amphibius. Yule wa maziwa makubwa hukua hadi karibu mita 2, na kwa kuwa ziwa halikauki, ni nadra alazimike kujifungia, ingawa wataalamu waliomweka kwenye tope la maabara wameona kwamba ujuzi anao. Bingwa hasa ni annectens, anayepatikana kwa wingi Afrika Magharibi, kwenye madimbwi ambayo kila kiangazi hugeuka kuwa ardhi ngumu ya kupitisha ng'ombe.

Maji yanapoanza kushuka, huyu huanza kula udongo. Haumezi. Hung'ata tope, akalipitisha mdomoni na kulitolea kwenye matundu ya matamvua, huku akizama kichwa mbele mpaka apate shimo lenye chumba kipana chini. Humo hugeuka, pua ikaelekea juu. Hupanda kupumua kupitia shimo lile maadamu bado kuna maji. Yakiisha, hujikunja mara mbili, akauleta mkia juu ya kichwa mpaka ukafunika macho, kama mtu anayejifunika blanketi kabla ya kulala. Kisha ngozi yake hutoa ute mwingi, na ute huo hukauka ukawa kifukofuko chembamba cha rangi ya kahawia, kilichomgandama mwili mzima isipokuwa sehemu moja: tundu dogo mdomoni. Huo ndio upenyo wake wa hewa.

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, na kosa hili limerudiwa hata na waliosoma. Husemwa kwamba kamongo huhifadhiwa na matope, kana kwamba tope ni friji na yeye ni mzigo uliowekwa ndani. Kamongo ndiye anayejihifadhi. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha New Mexico, Marekani, walichapisha matokeo ya kukichunguza kifukofuko hicho, wakakuta si ganda la ute mkavu kama ilivyodhaniwa miaka mingi. Kina seli hai. Samaki anapojiandaa kujifungia, ngozi yake huwaka kama jeraha lenye uvimbe. Askari wa damu, zile seli nyeupe zinazopambana na vijidudu, hutoka kwenye mishipa, wakapenya ngozi na kuingia ndani ya kifukofuko. Humo wengine hujipasua na kuutandaza urithi wao wa ndani, DNA, kama wavu, na bakteria wa tope hunaswa humo. Watafiti walipoukata wavu ule kwa kimeng'enya kinachoyeyusha DNA, samaki walishambuliwa na bakteria, ngozi zao zikavuja damu.

Kwa hiyo mnyama aliyefunga mlango na kupunguza kila kitu, asiyekula, ambaye moyo wake unapiga kwa uvivu, bado ana walinzi ukutani usiku na mchana. Nani mwingine hugeuza ngozi yake kuwa ukuta wa nyumba, na ukuta huo ukapigana?

Lipo pia suala la mabomba. Samaki majini hutoa taka ya amonia kupitia matamvua, na maji huichukua. Ndani ya kifukofuko hakuna maji ya kuichukua, na amonia ni sumu. Kamongo huigeuza kuwa urea, isiyo kali, akaiweka mwilini mwezi baada ya mwezi. Figo husimama, mkojo hautoki. Chakula chake ni misuli yake mwenyewe, anayoila polepole. Kwa mtindo huo annectens hupitisha kiangazi chote, na maabarani wapo waliokaa zaidi ya miaka 3. Mwanafiziolojia wa New York, Homer Smith, alichapisha mwaka 1930 utafiti wake kuhusu kamongo wa Ziwa Victoria, na mwaka 1932 akatoa kitabu alichokipa jina lile lile la wavuvi: Kamongo. Baadaye alikuwa mmoja wa mabingwa wakubwa wa elimu ya figo za binadamu. Inapendeza kwamba jina la Kijaluo lilipanda juu ya jalada la kitabu cha Marekani wakati wenyeji wa ziwa hawakuulizwa mengi.

Kwa ukoo, samaki huyu yuko karibu na mtu kuliko alivyo karibu na ngege. Jenomu ya annectens, iliyosomwa mwaka 2021, ina herufi bilioni 40 hivi. Ya mtu ina bilioni 3. Sehemu kubwa ya ziada hiyo ni vipande vinavyojinakili tena na tena. Na ukoo huu huishi miaka mingi: binamu yake wa Australia aliyeitwa Granddad aliingia kwenye nyumba ya samaki ya Shedd, Chicago, mwaka 1933 akiwa tayari mtu mzima, akafa mwaka 2017.

Uchunguzi wa jenomu unaonyesha kwamba silikanti, samaki wa baharini, ni ndugu wa mbali zaidi kwetu kuliko kamongo. Hata hivyo silikanti, aliyeanza kunaswa Tanzania mwaka 2003, alitengewa hifadhi ya bahari Tanga mwaka 2009, na alistahili. Kamongo hajapata hata robo ya heshima hiyo. Amebaki samaki wa kuonewa karaha, eti anafanana na nyoka. Walau Buganda ukoo wa Mmamba, mmoja wa koo kubwa kabisa za huko, humlinda kwa mwiko: jamaa zake hawamli.

Ziwa Victoria, mwaka 2002, watafiti walieleza jinsi kamongo walivyopungua. Sangara hutajwa kuwa sababu moja, lakini si peke yake. Dume la kamongo hujenga kiota kinamasini na kukilinda, mayai na watoto wake wakiwa humo. Dume asiyetaka kuondoka ni mwepesi kunaswa, na akinaswa kizazi kizima hubaki bila mlinzi. Kisha kinamasi chenyewe hufyekwa, kikachomwa, kikalimwa mpunga na mboga. Upande wa Kongo wa Ziwa Edward uko ndani ya Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, lakini ramani ya hifadhi haizuii nyavu za matundu madogo wala uvuvi wa kwenye mazalia katika nchi iliyochoka kwa vita. Mvuvi mwenye njaa hawezi kulaumiwa peke yake. Wanaostahili lawama ni wenye mamlaka wanaouona kinamasi kama ardhi iliyokaa bure. Kamongo anaweza kuvumilia kiangazi cha miezi, hawezi kuvumilia kukosa mahali pa kuchimba.

Faida zake ni hizi: nyama ya kubanika, chambo cha ndoana kubwa, ulaji wa konokono wanaobeba kichocho kwa meno yake kama mawe ya kusagia, ufugaji unaojaribiwa Uganda, na masomo ya figo na kinga ya mwili.

Mvua ikirudi, maji hushuka kwenye lile shimo na kulilainisha ganda. Maji yakiingia kwenye tundu la mdomo humziba pumzi, na hapo hana hiari. Hujinyoosha, akaparamia tope la mlangoni, akapanda juu kuvuta hewa, mwembamba, mikunjo ya kulala ikiwa bado kwenye mwili wake. Figo huanza tena kazi, na urea aliyoihifadhi kiangazi kizima humtoka kidogo kidogo ndani ya maji mapya.